Kumzomea Kiongozi: Bughudha na Mipaka ya Maandamano

Maandamano ya kisiasa huelekezwa kwa serikali, lakini serikali haina uso. Wenye uso ni mawaziri, wabunge na marais, na kwa sababu hiyo hasira ya umma, hata ile inayotokana na kodi au bajeti, mara nyingi humwangukia mtu mmoja mwenye jina na makazi yanayojulikana. Huzomewa mkutanoni, hufuatwa kanisani au hotelini, simu yake hufurika ujumbe, watu husimama langoni kwake usiku. Tarehe 14 Desemba 2008 mwandishi wa habari Muntadhar al-Zaidi alimrushia Rais George W. Bush wa Marekani viatu vyake vyote viwili mjini Baghdad. Tarehe 4 Mei 2025 Rais William Ruto alirushiwa kiatu akihutubia Kehancha, Kaunti ya Migori, nchini Kenya. Vitendo hivi havilingani uzito, lakini vyote vinazua swali moja: raia anaruhusiwa kumfanyia nini mtu aliyemkabidhi madaraka, na ni wapi malalamiko hugeuka kuwa uonevu?

Jibu linalokuja upesi ni adabu. Kiongozi ni mkubwa, na mkubwa hatukanwi hadharani. Mwenye neno amfuate faragha. Maandiko ya dini hutajwa kuunga mkono rai hiyo. Katika Sura ya Taha, Musa na Haruni wanaagizwa wamwendee Firauni kwa maneno laini, na Firauni hakuwa mtawala mwema. Nabii Nathani naye alimkabili Daudi kwa kisa cha mwanakondoo wa maskini, si kwa kelele za sokoni. Kutokana na mifano hiyo wengi huhitimisha kwamba anayepaza sauti amekwisha kukosa, hata kama ana haki.

Maandiko yenyewe hayaishii hapo. Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha papo hapo inamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Upana wa ruhusa hiyo unaweza kujadiliwa, lakini ruhusa ipo: dhuluma humpa aliyedhulumiwa kauli ambayo mtu mwingine hana.

Katika Biblia, kisa kinachofaa zaidi kuliko cha Nathani ni cha Shimei mwana wa Gera, kilichomo katika Samweli wa Pili, sura ya 16. Daudi anakimbia Yerusalemu mbele ya uasi wa mwanawe Absalomu. Anapofika Bahurimu anatokea Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, akimlaani na kumwita muuaji, huku akimtupia mawe yeye na watumishi wake na kuwarushia mavumbi. Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi anakataa kwa hoja mbili. Mwanawe wa kumzaa anataka kumuua, sembuse huyu; tena huenda laana hiyo imetoka kwa Mungu. Hoja ya pili ndiyo nzito. Mfalme anakubali kwamba tusi linaweza kubeba ukweli, na kwamba anayetukanwa si hakimu mzuri wa tusi lenyewe. Mawe ni suala jingine, na kisa hakisemi popote kwamba yalikuwa halali. Kinachosemwa ni kwamba kichwa cha mtu si malipo ya maneno yake.

Mwisho wa kisa hautajwi sana mimbarani. Daudi aliporudi madarakani alimwapia Shimei kwamba hatauawa. Baadaye, akiwa katika siku zake za mwisho, alimwagiza Sulemani asimwache mtu huyo afe kwa amani. Sulemani akampa Shimei sharti la kutotoka Yerusalemu, na baada ya miaka 3 Shimei alipotoka kuwafuata watumwa wake waliotoroka, akauawa kwa kuvunja sharti. Msamaha wa mtawala ulikuwa deni, likalipwa kwa kisingizio kingine. Raia aliyewahi kuitwa kituoni kwa kosa la leseni muda mfupi baada ya kumsema mkubwa hahitaji mhubiri wa kumfafanulia.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa utovu wa adabu uliopangwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Semakula Mulumba, mwakilishi wa vuguvugu la Bataka wa Buganda mjini London, alimwandikia gavana wa Uganda na askofu wa Kianglikana barua za ukali wa makusudi, na maneno yake yakasambaa nyumbani. Hakukosa malezi, wala hakukosa Kiingereza cha heshima, alikikataa. Utawala wa kikoloni katika Buganda ulisimama pia juu ya mialiko ya chai, karamu na barua za upole, na aliyekubali karamu alikuwa amekwisha kukubali kiti alichopangiwa. Baada ya ghasia za Aprili 1949 serikali ililipiga marufuku vuguvugu hilo. Kwa Mulumba na wenzake, adabu ilikuwa sehemu ya utawala waliokuwa wakiupinga, na isingewezekana kuupinga utawala huku wakiiacha adabu hiyo ikae mahali pake.

Adabu, basi, ni sifa njema ya msemaji. Haiwezi kuwa kipimo cha haki yake, kwa kuwa anayeshika mizani ni yule yule anayesemwa.

Kipimo bora zaidi kilitolewa na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill mwaka 1859, katika kitabu chake juu ya uhuru. Mtu akiandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa, anasema Mill, aachwe. Maneno hayo hayo yakitolewa mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika nje ya nyumba ya mfanyabiashara wa nafaka, msemaji anaweza kuadhibiwa kwa haki. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni nafasi ya watu kuyatafakari na kuyajibu. Msomaji wa gazeti anaweza kulala na wazo na kuamka amebadili nia, na mfanyabiashara anaweza kuandika jibu lake wiki inayofuata. Umati ukiwa mlangoni, jibu lililobaki kwake ni kufunga madirisha.

Kutokana na mfano huo mpaka unaanza kuonekana. Maandamano, hata yakiwa na kelele, fedheha na kejeli, humwambia mtu jambo na kumwachia nafasi ya kujibu, kukataa au kukubali. Bughudha haisemi naye tena. Humfanyia jambo mpaka asalimu amri au akimbie. Swali la kuuliza juu ya kitendo chochote ni kama anayelengwa anabaki na uwezo wa kusema hapana bila kuhofia mwili wake, nyumba yake au watoto wake.

Mfano wa Mill una upungufu wake. Mfanyabiashara wa nafaka ni mtu binafsi, hana polisi wala jukwaa. Waziri anavyo vyote viwili, na mara nyingi ana gazeti pia. Tena Mill anadhani kwamba maskini mwenye njaa ana gazeti la kumchapishia malalamiko, jambo ambalo halikuwa kweli kwa maskini wengi wa London ya wakati wake. Na umati wa siku hizi hauhitaji barabara. Unaweza kukusanyika ndani ya simu ya mtu mmoja, ukitokea kaunti zote kwa mpigo.

Hilo la mwisho lilionekana Kenya mwezi Juni 2024. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo walisambaza nambari za simu za wabunge, na wabunge wakafurikiwa na simu na ujumbe. Kazi hiyo ikaitwa kuwasalimia. Ujumbe mwingine ulimtaka mheshimiwa apige kura ya hapana, mwingine ulikuwa matusi, na mwingine vitisho. Tarehe 25 Juni Bunge lilipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, sehemu yake ikachomwa, na polisi wakafyatua risasi. Katika baadhi ya miji mali za wabunge waliounga mkono mswada ziliporwa au kuharibiwa. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano hayo.

Matukio hayo huzungumzwa kana kwamba yalikuwa jambo moja, na hapo ndipo mjadala huharibika. Ujumbe wa kumtaka mbunge akatae mswada ni ombi kwa mwakilishi, na Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Ombi halipotezi uhalali kwa sababu waombaji ni wengi. Wingi wao ndio habari yenyewe anayopaswa kuisikia. Laini ya simu ambayo mbunge aliigawa wakati wa kampeni ikifurika siku chache kabla ya kura, hiyo ni foleni mlangoni mwa ofisi yake, ndefu kuliko alivyozoea. Ikifurika simu ya mkewe au mumewe saa 8 usiku, au ujumbe ukitaja shule ya mtoto wake, si foleni tena. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinalinda faragha ya kila mtu pamoja na habari za familia yake, na mtu hapotezi ulinzi huo kwa kuapishwa.

Ugumu upo katikati, pale ambapo hakuna mtu mmoja aliyekosa. Kila aliyetuma alituma ujumbe mmoja au miwili. Aliyepokea alipokea gharika. Hakuna sheria nzuri ya jambo hili, na pengine haifai kutungwa, maana sheria yoyote ya kuadhibu wingi itawanasa waombaji wa kawaida kabla ya kumnasa mtishaji. Anayetakiwa kuadhibiwa ni mtuma kitisho, na kitisho kina mwandishi wake.

Kuhusu mali hakuna ugumu. Duka likichomwa, wauzaji na walinzi wake hupoteza kazi, na hao hawakupiga kura bungeni.

Viongozi wengi waliolalamika kufuatwa hadi makanisani walikuwa na hoja dhaifu zaidi. Kwa miaka mingi mimbari za Kenya zilikuwa jukwaa la siasa na mahali pa kutoa michango mbele ya kamera. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mchango ambao Rais aliutoa katika kanisa la Soweto jijini humo urudishwe. Mwanasiasa aliyeingia kanisani kufanya siasa hawezi kudai hifadhi ya madhabahu siasa ile inapojibiwa. Mwenye dai halisi ni muumini aliyekuja kusali, ambaye ibada yake imekatizwa kwanza na hotuba, kisha na kelele.

Anayelaumu watu kwa kumfuata mbunge mahali pasipostahili ana wajibu wa kueleza ni mlango gani unaostahili ulioachwa wazi. Kifungu cha 104 cha Katiba ya Kenya kinawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha, lakini kiliachia Bunge litunge utaratibu. Bunge likatunga utaratibu mgumu mno, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha sehemu zake muhimu. Ilipofika Juni 2024 haki hiyo ilikuwa kwenye karatasi tu. Wabunge waliokuwa na uwezo wa kuirekebisha sheria hiyo ndio hao hao waliojazwa ujumbe.

Uhusiano kati ya mlango uliofungwa na watu langoni unaonekana wazi zaidi Argentina. Baada ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, sheria mbili za miaka ya 1986 na 1987, pamoja na msamaha uliotolewa na Rais Carlos Menem, viliwaacha wauaji na watesaji wengi wakiishi kwa utulivu katika mitaa ya kawaida. Katikati ya miaka ya 1990 watoto wa watu waliopotezwa waliunda kundi lililoitwa HIJOS. Walitafuta makazi ya mtesaji, wakazungumza na majirani, na siku iliyopangwa wakaandamana hadi mlangoni kwa ngoma na rangi, wakitangaza aliyoyafanya. Mtindo huo waliuita escrache. Hawakumgusa mtu; walichokitaka ni kwamba muuza mkate na kinyozi wa mtaa wajue wanamhudumia nani. Bunge lilizifuta sheria hizo mwaka 2003, Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka 2005 kwamba zilikiuka katiba, kesi zikafunguliwa tena, na kwenda milangoni kukapungua.

Neno hilo lilivuka bahari likabadilika tabia. Mwaka 2013 wanaharakati wa Hispania waliotetea watu wanaofukuzwa katika nyumba kwa deni la benki, baada ya kukusanya saini zaidi ya milioni 1.4, walikwenda kwenye nyumba za wabunge wa chama tawala. Hapa mlengwa hakuwa mtesaji aliyeachiwa huru. Alikuwa mwakilishi aliyechaguliwa, mwenye haki ya kupiga kura asivyopenda mwandamanaji. Pablo Iglesias, aliyekuja kuanzisha chama cha Podemos, aliusifu mtindo huo kuwa dawa ya kidemokrasia. Mwaka 2020, akiwa naibu waziri mkuu, wapinzani wake wa mrengo wa kulia walikusanyika kwa miezi nje ya nyumba aliyoishi na waziri mwenzake Irene Montero na watoto wao watatu wadogo huko Galapagar, na familia hiyo ikakatiza likizo yake Asturias kwa kuandamwa. Wapinzani hao walikuwa na ngoma na sufuria kama waliowatangulia, na mantiki ile ile. Mtindo wowote wa kumshinikiza mtu hatimaye hutumiwa na upande wa pili, na anayeubuni afikirie kwanza utakavyokuwa mikononi mwa anaowachukia.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikabiliana na suala la nyumba mwaka 1988, katika kesi ya Frisby dhidi ya Schultz iliyotoka mji wa Brookfield, Wisconsin, ambako wapinzani wa utoaji mimba waliandamana nje ya nyumba ya daktari. Mahakama ilikubali mji uzuie maandamano yanayosimama mbele ya nyumba moja maalumu, huku watu wakibaki huru kupita mitaani humo na ujumbe wao. Hoja ilikuwa kwamba mtu aliye nyumbani kwake hana pa kwenda ili asisikie. Ni hoja ile ile ya mfanyabiashara wa nafaka, na inamhusu waziri kama inavyomhusu daktari.

Kinachoibwa bughudha inapofanikiwa si utulivu wa mbunge peke yake. Kura yake si mali yake. Ni amana ya waliomchagua, na miongoni mwao wamo wanaoutaka mswada ambao wengine wanaupinga. Akibadili kura kwa kushawishika, hata kwa kushawishika na umati, amana imetumika. Akiibadili kwa sababu amepelekewa picha ya mwanawe akitoka shule, amana imeporwa na wachache, hata kama wachache hao wana hoja nzuri. Ndiyo maana John Rawls, katika kitabu chake juu ya nadharia ya haki cha mwaka 1971, alisisitiza kwamba uasi wa kiraia huwa wa hadharani na usio na vurugu: unaisemesha dhamiri ya wananchi, na dhamiri haisemeshwi kwa hofu.

Hofu pia huchagua nani abaki katika siasa. Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39 mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia. Kelele zile zile ambazo mwanamume mwenye walinzi huzichukulia kama usumbufu, kwa mwanamke huja zikiwa na vitisho vya kubakwa. Uingereza ilipoteza wabunge wawili katika miaka mitano: Jo Cox tarehe 16 Juni 2016 huko Birstall, na David Amess tarehe 15 Oktoba 2021 katika ukumbi wa kanisa huko Leigh-on-Sea. Waliowaua hawakuwa waandamanaji. Lakini wote wawili waliuawa katika shughuli ile ile, ya kukutana ana kwa ana na wapiga kura wao, na wabunge wengine wakashauriwa kuongeza ulinzi. Asiyejali usalama wa wawakilishi atapata wawakilishi wasiofikika, kisha atalalamika kwamba hawafikiki.

Yote hayo hayafuti tofauti ya nguvu. Kati ya Juni na Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilirekodi visa 82 vya watu kutekwa au kupotezwa. Mtu mmoja akipelekewa ujumbe wa matusi na mwingine akiingizwa ndani ya gari lisilo na nambari, si haki kuzungumza juu yao kana kwamba kila upande una makosa yake kwa kiasi sawa. Lililo zito zaidi katika mizani ya umma ni kosa la mwenye bunduki.

Kwa sababu hiyo sheria inayolinda viongozi inapaswa kuwa finyu. Tarehe 8 Julai 1986, katika kesi ya Lingens dhidi ya Austria, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba mwanasiasa anapaswa kuvumilia ukosoaji mpana kuliko mtu binafsi, kwa kuwa ameingia mwenyewe, kwa kujua, mahali anapochunguzwa kila neno. Mwandishi aliyemwandama Kansela Bruno Kreisky hakustahili faini. Kumgusa mtu ni jambo tofauti: mwanamume aliyempiga kofi Rais Emmanuel Macron huko Tain-l'Hermitage mwezi Juni 2021 alipewa kifungo cha miezi 18, miezi 14 kati yake ikiahirishwa, na hakuna mpenda uhuru wa kusema aliyepaswa kushangaa. Makosa yanayostahili mahakama yanafahamika: kitisho cha kudhuru, kushika mwili, kuzingira makazi, kuwalenga watoto na jamaa, kuharibu mali. Tusi halimo.

Uganda ililiweka humo. Agosti 2019 mwanazuoni Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kosa la kumbughudhi Rais Yoweri Museveni mtandaoni, kwa shairi la lugha chafu lililomhusu mama wa Rais. Hakumpigia simu, hakwenda langoni kwake, hakumtisha. Alichapisha, na kila mtu aliweza kuacha kusoma. Februari 2020 Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Uamuzi huo haukugusa kifungu cha 24, cha bughudha ya mtandaoni, ambacho ndicho kilichompeleka Nyanzi gerezani.